Udongo wa vyunguni haufi jamani, tuache kuumwaga mtaroni

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi wewe na wenzako wote hapo ofisini. Mimi ni mama mkazi wa Nkuhungu hapa Dodoma mjini, sijawahi kuandikia gazeti ila ukurasa wa barua huwa ndo naanza nao nikilipata gazeti, na safari hii nimeona nisikae kimya maana mvua ndo hizo zinabisha hodi na kitu kinachoniuma nakiona kila asubuhi nikitoka kwenda dukani.

Kitu chenyewe ni udongo. Udongo wa kwenye vyungu vya maua na ndoo za mboga. Kuanzia mwezi wa 10 watu mtaani kwetu wanasafisha nyumba, mimea iliyokaukia kiangazini wanaing'oa, halafu ule udongo wanaenda kuumwaga wapi, mtaroni. Juzi nimehesabu marundo 7 kuanzia kona ya kwetu mpaka kituo cha bajaji, mengine bado yana umbo la ndoo kabisa, yamesimama kama ugali uliopinduliwa kwenye sahani na mizizi imeuzunguka kwa nje. Na wiki hiyo hiyo watu hao hao wanaitisha kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, ya udongo mwingine, ule mweusi, kiroba elfu 5, wanajaza vyungu upya. Mwaka jana ilipopiga ile mvua kubwa ya kwanza mtaro ulikuwa umeshajaa, maji yakakosa pa kwenda yakaingia uani kwangu yakasomba miche yangu ya nyanya iliyokuwa kwenye viriba, viriba 120, nikavikuta vimelala getini kwa jirani vimechanganyika na tope. Simtaji mtu maana tunaotupa ni wengi, na mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilitupa kwa kutojua.

Nikamuuliza kijana mmoja anayeleta huo udongo, nikamwambia mwanangu huu mnauchota wapi. Akanijibu bila kuficha, "Shikamoo mama, huu tunautoa kule milimani chini ya miti, ndo wenye rutuba." Nikaushika, nikakuta vimizizi vyembamba vya miti bado vibichi, vimekatwa na chepeo. Nilikosa la kumwambia maana na yeye anatafuta riziki na wanaonunua ni sisi.

Mhariri mi ni Mrangi wa Kondoa, na mtu wa Kondoa wa umri wangu ukimtajia udongo kuchukuliwa mlimani hawezi kulichukulia kawaida. Tumekulia kwenye makorongo. Mvua moja tu ikinyesha unakuta njia uliyopita jana kwenda shule leo ni shimo refu kuliko mtu mzima, na mchanga umefunika shamba la mtu bondeni. Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, wenyewe tunaijua kwa jina la HADO, mwaka 1973, wakachimba makinga maji wakapanda miti wakapanda mikonge kwenye makorongo, na bado haikutosha, mwaka 1979 ikabidi mifugo yote iondolewe kwenye ile milima iliyokuwa imeharibika. Nilikuwa darasa la 2. Nakumbuka ng'ombe wa babu wakiondoka asubuhi na bibi amesimama mlangoni kajifunga kanga kiunoni hasemi neno. Maelfu ya mifugo iliondoka, watu walikosa maziwa, walikosa samadi, yote hiyo ili udongo upumzike. Majani yamerudi lakini yale makorongo mengine mpaka leo yapo. Sentimita moja ya udongo wa juu inatengenezwa kwa mamia ya miaka, sasa mtu anaichota kwa kiroba anakuja kuijaza kwenye ndoo ya rangi, inakaa msimu mmoja, halafu anaimwaga mtaroni. Hapo ndo roho inaniuma.

Na hakuna sababu ya kuumwaga. Udongo wa kwenye chungu haufi, unachoka tu, na aliyechoka analishwa na kupumzishwa. Mimi nina ndoo na vyungu 64 hapa uani, nalima mchicha, figili, nyanya, hoho, vitunguu vya majani na maua ya kuuza, na ni mwaka wa 6 huu sijanunua kiroba hata kimoja cha udongo, natumia ule ule. Naomba niwaeleze wasomaji ninavyofanya, na mahali nilipokosea niseme pia.

Kwanza tuelewe unachoka vipi. Chungu si shamba. Shambani mzizi ukikosa chakula hapa unaenda pale, ila kwenye chungu kila kitu ni kile kile ulichoweka siku ya kwanza. Mimea inakula naitrojeni na potasiamu na vingine, na kila ukimwagilia maji yanayotoka tunduni chini yanaondoka na kingine. Halafu ile samadi na majani yaliyooza yanaendelea kuoza mpaka yanaisha, ndo maana unaona udongo uliokuwa umejaa mpaka ukingoni baada ya msimu umeshuka vidole vinne, haujaibiwa na mtu, ni ile mboji imeliwa na wadudu wadogo wadogo wasioonekana. Mboji ikiisha udongo unashikamana, hewa haipiti, na ukikauka kabisa unajivuta kuachana na chungu unabaki ufa pembeni, ukimwaga maji yanateremka kwenye ufa yanatoka chini kwa haraka unafikiri umemwagilia kumbe katikati ni pakavu kama unga. Ukiona hivo usiseme udongo umekufa, chukua beseni la maji ukizamishe hicho chungu nusu saa kitulie chenyewe.

Na kwetu Dodoma kuna la ziada nalo ni chumvi. Maji ya visima vingi hapa mnayajua, sufuria ya chai inatengeneza utando mweupe. Maji hayo hayo tunamwagilia vyungu mwaka mzima, maji yanakauka na jua chumvi inabaki. Angalieni juu ya udongo wa chungu cha zamani mtaona ule weupe, na kwenye chungu cha kufinyanga unatokea mpaka nje ya ukuta wa chungu. Mmea unaanza kuungua ncha za majani zinakuwa kahawia kama zimepitishwa kwenye moto, mtu anadhani ni kiu anaongeza maji yale yale, hali inazidi.

Sasa kazi yenyewe. Mi naanza mwezi wa 10 mwishoni au wa 11 mwanzoni jua likiwa kali. Siku moja kabla namwagilia vyungu kidogo, sio kuvilowesha, kidogo tu, maana udongo mkavu ukiumwaga na huu upepo wetu unaishia machoni na kifuani na kwenye nguo za jirani. Kesho yake natandika turubai napindua chungu. Jambo la kwanza nanusa. Udongo mzima unanukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza, ukinuka kama yai bovu ujue tundu la chini liliziba maji yalisimama. Jambo la pili naangalia mizizi, na hapa naomba mtu asiwe na haraka. Chukua mzizi wa nyanya au hoho au bamia uliokauka uuoshe kwenye maji uutazame juani. Mizizi mizima ni laini imenyooka. Ukiona ina vinundu vinundu kama shanga zilizotungwa kwenye uzi, vingine vidogo kama punje ya mtama vingine vimeungana mpaka mzizi umevimba kama tangawizi, hiyo ni minyoo fundo. Ni minyoo midogo huwezi kuiona kwa macho, inaingia kwenye mzizi inazalia humo, mmea unadumaa na unanyauka mchana hata kama maji yapo. Udongo huo usiuchanganye na mwingine, weka pembeni uje kuanikwa juani peke yake.

Lakini kuna mbaya zaidi ya huo. Kama nyanya yako ilinyauka ghafla ikiwa bado ya kijani, leo nzima keshokutwa imelala, basi kabla hujaing'oa kata shina karibu na udongo, kipande cha urefu wa kidole, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kuitikisa. Kaa uitazame. Mwaka juzi niliifanya mezani jikoni na binti yangu, tumekaa kimya kama dakika 5 hivi, tukaanza kuona uzi mweupe kama maziwa unateremka polepole kutoka kwenye shina, halafu wa pili, mpaka maji yakaanza kuwa na ukungu. Hao ni bakteria wa mnyauko. Udongo huo mimi situmii tena kwa mboga na wala siuanikii jua nikitegemea utapona, hao bakteria wanakaa ardhini muda mrefu. Niliufukia kwenye shimo mbali na bustani, ndoo nikaiosha kwa sabuni na maji ya moto, chepeo pia, viatu pia. Ni udongo huo tu nimewahi kuutupa kwa miaka yote 6 na sikuutupa mtaroni, maana mtaroni mvua inaupeleka kwa wenye bustani bondeni.

Ule mwingine wote unafaa. Naondoa mizizi minene, ile myembamba mizima naiacha itaoza iwe chakula. Napitisha kwenye chekeche la fundi ujenzi, lile la kuchekechea mchanga, sio lenye matundu madogo sana, madongo yanayobaki juu nayaponda kwa mkono. Hapa unakutana na wengi, funza weupe waliojikunja, viwavi sota, buu za wadudu, yaani wale waliojifungia wakisubiri kuota mabawa. Kuku wangu wanajua siku hiyo, wanasimama pembeni ya turubai toka asubuhi. Na wale mliosumbuliwa na kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, mjue kiwavi wake akishiba anashuka chini anajigeuza buu humo humo kwenye udongo, kwahiyo mtu anayepanda nyanya juu ya nyanya bila kuugusa udongo anamfugia.

Baada ya hapo naulisha jua. Dodoma tumejaliwa jua na hatulitumii. Naulowesha udongo uwe na unyevu wa kufinyanga ila usichuruzike, nautandaza chini unene wa kama sentimita 15 hivi, nafunika na nailoni inayopitisha mwanga, naomba nirudie, INAYOPITISHA mwanga, sio nyeusi, maana wengi wanafunika nyeusi na nailoni ndo inapata moto badala ya udongo. Pembeni kote nakandamiza kwa matofali au mchanga hewa isitoke. Wiki 4 mpaka 6. Ule unyevu ndo unaobeba joto kuingia ndani, udongo mkavu haupati moto sawasawa, na wadudu na mbegu za magugu zikiwa kavu zinavumilia sana. Ukiingiza mkono chini ya nailoni saa 8 mchana utautoa haraka. Minyoo fundo inapungua sana, mayai ya wadudu yanakufa, vimelea vingi vya ukungu vinavyoangusha miche michanga vinapungua. Sijasema vyote vinakwisha, ila inatosha udongo kutumika tena.

Kuna wanaochemsha udongo kwenye pipa, wanaweka maji kidogo chini wanachochea kuni mpaka mvuke upande. Inafanya kazi na kwa udongo wa kuoteshea miche kidogo sio mbaya, ila kwa mji huu ambao miti tunaihesabu mimi kuni za kuchemshia udongo zinanishinda kuzikubali wakati jua lipo bure.

Mvua ikifika ndo zamu ya kuosha chumvi. Mvua zetu ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na mwaka wa kawaida hazifiki hata milimita 600, kwahiyo kila tone lina kazi. Udongo wenye ule weupe nakwangua kwanza juu kama vidole viwili nautoa, unaobaki naujaza kwenye ndoo zenye matundu chini nazipanga kwenye mchirizi wa bati juu ya matofali ili tope la chini lisirukie ndani. Hesabu yake ni rahisi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwahiyo upande mmoja wa nyumba wenye mita za mraba 30 ukipata mvua ya milimita 10 ni lita 300 zimeshuka hapo ukutani. Ndoo ya udongo ya lita 20 inahitaji kama lita 40 zipite ndani yake taratibu ndo chumvi itoke vizuri. Kwa maji ya kununua kwenye madumu hiyo ni gharama isiyovumilika, kwa mvua ni bure. Na usiweke samadi kabla ya kuosha, utaiosha na yenyewe.

Sasa kulisha. Mimi napima kwa karai. Karai 3 za udongo wa zamani, karai 1 ya samadi iliyooza au mboji, na kama udongo umeshikamana naongeza nusu karai ya maganda ya mpunga. Haya yanapatikana kwenye mashine za kukoboa, watu wa Bahi wanalima mpunga maganda yanarundikana mpaka yanachomwa moto, ukienda na viroba vyako wanakuambia chukua. Yanaoza polepole sana kwahiyo yanaachia hewa kwa muda mrefu. Samadi ya mbuzi naitoa kwa mama mmoja wa Chamwino na nataka ile ya chini ya zizi, ya zamani, inayovunjika mkononi haina harufu kali. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inakuja na mbegu za magugu zote alizokula mbuzi. Ya kuku ndo kali zaidi, hiyo iache ioze miezi 3 na ukiiweka weka nusu ya kipimo. Na samadi nayo ina chumvi yake, ndo maana karai 1 kwa 3 usizidishe ukifikiri unaupendelea mmea.

Mboji yangu natengeneza kwenye shimo sio kwenye rundo, kwa ukame wetu rundo la juu linakauka linakaa mwaka mzima halijaoza, shimo la nusu mita linatunza unyevu. Maganda ya ndizi, ya viazi, majani ya chai, majani yaliyofagiwa uani, sio nyama wala mabaki ya ugali maana utaalika panya. Naloweka kwa maji ya kuoshea mboga. Kuna msimu nilipata makapi ya zabibu kwa mtu anayetengeneza mvinyo mtaa wa pili, maganda na mbegu na vikonyo, nikayachanganya humo yakaoza vizuri ingawa mbegu zilichelewa, na nawaza mji huu wa zabibu hayo makapi yanatupwa kiasi gani wakati sisi tunachota milima.

Pale nilipokosea ni kwenye maranda. Nilichukua maranda mabichi kwa fundi seremala nikachanganya nusu kwa nusu na udongo wa zamani nikijua nimepata suluhisho la bure. Udongo ukawa mwepesi unapendeza kuushika. Mchicha ukaota, ulipofika majani manne ukageuka njano wote, ndoo 14, ukasimama hapo hapo haupandi hauanguki. Nilimwaga maji, nikaweka majivu, hali ikawa ile ile. Baadaye bwana shamba mmoja mstaafu akanieleza kwamba wale wadudu wadogo wanaoozesha mbao wanahitaji naitrojeni nyingi na wanaichukua kwenye udongo kabla mmea haujaipata, kwahiyo mchicha wangu ulikuwa na njaa huku umekalia chakula. Maranda yaoze kwanza kwenye shimo pamoja na samadi hata miezi 6, hapo sawa. Na majivu akanikataza pia kuyamwaga hovyo, kwa sababu udongo na maji yetu tayari yana magadi na majivu yanazidisha magadi, kijiko kimoja kimoja mara moja kwa msimu inatosha na kama chungu kina weupe usiweke kabisa.

Kuna wanaosema basi tutumie udongo mwekundu wa hapa hapa uwanjani, hauna gharama. Kwenye chungu wenyewe mtupu haufai, ukimwagilia na kuanika mara kumi unakuwa tofali. Wazee wa Kongwa watawasimulia Waingereza walivyokuja mwaka 1947 na mpango wao mkubwa wa karanga, matrekta na fedha nyingi, kiangazi kilipofika ardhi ikakauka ikawa ngumu ikaharibu majembe na karanga zikashindikana kuchimbuliwa, mwaka 1951 mpango ukafutwa. Ni ardhi hii hii. Inataka mboji ndani yake ndo iachie. Na ule udongo wa mifuko unaotoka nje ya nchi, sijaona haja yake kwa mama wa kawaida, ukikauka unakataa maji kabisa na bei yake unapata samadi ya mwaka.

Ukishachanganya usipande siku hiyo hiyo. Uache wiki 2 chini ya kivuli una unyevu, uugeuze mara moja moja. Kipimo changu ni mkono, nachukua konzi nakaza ngumi, nikifungua udongo ukae umbo la vidole halafu nikiugusa kwa kidole gumba uachane. Ukichuruzika maji umezidi, ukimwagika kama mchanga bado mkavu, ukibaki tonge halivunjiki ongeza maganda ya mpunga.

Na angalia unapanda nini. Nyanya, hoho, pilipili, bilinganya, nyanya chungu, mnafu na viazi mviringo ni ukoo mmoja, wanaugua magonjwa mamoja, kwahiyo udongo uliotoka nyanya usiupe hoho. Mi naupa vitunguu vya majani au mchicha au figili msimu mmoja au miwili ndo unarudi kwenye nyanya. Bamia sio ukoo wao ila minyoo fundo inaipenda sana, usiifuatishe nyuma ya nyanya. Kunde zinaleta naitrojeni na majani yake tunayala, ila nyingi nazo minyoo fundo inazipenda. Kwa kusia mbegu ndogo ndogo natumia ule udongo uliokaa juani muda mrefu zaidi, sehemu yake tu, maana mche mchanga hauna nguvu, kinyausi kikiingia unakuta asubuhi imekatikia pale pale inapotokea ardhini imelala mstari mzima. Maua kama bougainvillea hayana shida, hayo yanavumilia udongo ambao mboga zingeukataa, na kama chungu ni kikubwa huna haja ya kukipindua, chimbua juu vidole vinne utoe uweke mboji mpya, mara moja kwa mwaka yanatosheka. Vyungu viweke juu ya matofali, mchwa wa hapa hawana simile.

Sasa ombi langu Mhariri, na ndo hasa limenifanya niandike. Tumesikia sana habari ya kuikijanisha Dodoma na mimi naiunga mkono kwa moyo wote, nimepanda miti 11 kwenye mtaa wetu na 8 imeshika. Lakini hatuwezi kuwa tunakijanisha uani huku tunavua mlima nguo. Naomba wenyeviti wa mitaa wakati huu kabla mvua hazijachanganya watutengee sehemu moja kila mtaa, hata kipande kidogo karibu na ofisi ya mtaa, asiyetaka udongo wake aupeleke pale na anayetaka achukue. Mimi nitachukua, najua na wenzangu watano sita watachukua. Ndugu zetu wanaouza maua pale barabarani wao ndo wana nafasi kubwa kuliko wote, mteja akija kununua ua jipya mwambieni aje na chungu chake na udongo wake mumchanganyie samadi pale pale kwa bei ya kazi yenu, mtapata hela bila kupanda mlimani na chepeo. Yule kijana wa kirikuu nilimwambia hivo, nikamwambia mwanangu wewe una gari, niletee samadi ya Chamwino na maganda ya mpunga ya Bahi uone kama hatutanunua. Amekuja Jumamosi na viroba 10 vya samadi na 6 vya maganda, tumegawana wamama wa mtaa vimeisha kabla ya saa 4 na kachukua oda ya Jumamosi ijayo.

Na wewe Mhariri naomba mtupe hata robo ya ukurasa mara moja kwa wiki ya mambo ya bustani za nyumbani, wengi ni wapangaji, hatuna mashamba, tuna ndoo na vyungu tu na hivi ndo vinatulisha mboga.

Mimi udongo wangu nimeshautandaza toka Jumapili iliyopita, upo chini ya nailoni nyuma ya nyumba, ndoo 31. Nitaufunua mvua ya kwanza ikianza kunyesha, na anayetaka kuja kuona aje tu Nkuhungu aulizie mama wa ndoo, watamwelekeza.

Wako,
Mama wa ndoo
Nkuhungu, Dodoma